Uzi wa Kijani Chini ya Dashibodi

Alhamisi, saa tisa kasoro mchana, jua likiwa bado kali, Tochi alifika gereji akitokea shule kama kila siku. Alipitia mlango wa nyuma, akatundika begi, akavua sare na kuvaa ovaroli ya bluu iliyombidi aikunje miguuni mara tatu. Kisha akafagia. Hakuna aliyemwambia afagie. Mikono yake ilijua ratiba yenyewe.

Gereji hiyo ilikuwa ya shangazi yake. Hawakutengeneza injini wala matairi pale. Walitengeneza umeme wa magari tu. Kulikuwa na paa la bati, sakafu ya saruji yenye madoa meusi, meza ndefu ya mbao iliyojaa balbu na vibanio, na ukuta mzima wa misumari iliyoning'iniza vipande vya nyaya za kila rangi. Nyuma kulikuwa na vyumba viwili. Kimoja alilala Shangazi, na kingine alilala Tochi tangu mwezi wa kwanza.

Shuleni alikuwa na jina lake la daftari, lakini gereji nzima ilimwita Tochi, kwa sababu tangu akiwa na miaka sita alikuja siku za mapumziko kumshikia Shangazi tochi, na mkono wake haukutikisika hata kidogo. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake alifariki mwezi wa kwanza, baba yake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, basi Shangazi akasema mtoto akae kwake.

Watu walisubiri alie. Hakulia siku ya mazishi, hakulia baada ya hapo. Majirani walimtazama machoni wakitafuta machozi kama mtu atafutaye sindano kwenye zulia, wakaondoka bila kuyapata. Ukweli ni kwamba hakuficha kitu. Umewahi kuukalia mguu mpaka ukafa ganzi? Unaugusa, unajua ni mguu wako, lakini ni kama unagusa mguu wa mtu mwingine. Tochi alikuwa hivyo mwili mzima. Chai aliinywa kwa kuwa kikombe kilikuwa mbele yake. Alicheka wenzake walipocheka, akichelewa kidogo.

Mtu wa tatu wa gereji alikuwa Babu Fyuzi. Hakuwa na udugu nao, ila ndiye aliyemfundisha Shangazi kazi zamani, na sasa, akiwa amepita miaka sabini, alifanya kazi chini ya mwanafunzi wake bila kinyongo. Nyumbani kwake hakukuwa na mtu. Alifika gereji kabla ya mlango kufunguliwa na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisubiri. Magoti yake yalikuwa yamechoka na macho yalianza kumdanganya. Mwezi uliopita aliunganisha nyaya za basi dogo la shule vibaya, ikawa kila dereva akikanyaga breki, honi inalia.

"Si vibaya," Babu Fyuzi alisema siku ile. "Gari lenye adabu. Linasalimia kabla ya kusimama."

Wote walicheka, Shangazi akawa wa mwisho kunyamaza. Lakini jioni, Tochi akiwa anakusanya spana, alimsikia Shangazi akisema kwa sauti ya chini, "Babu, nakuheshimu kama baba yangu. Lakini ikitokea tena kwenye gari la watu, itabidi upumzike nyumbani. Siwezi kubeba roho za watu."

"Nimekusikia, fundi," alijibu mzee. Hakutania tena siku hiyo.

Gereji ile ilikuwa na utaratibu mmoja ambao haukuwa kwa mafundi wengine. Kila fundi alikuwa na uzi wake: wa Shangazi mwekundu, wa Babu Fyuzi wa kijani. Ukimaliza kazi kwenye waya, unauvuta kwa mkono kuhakikisha umeshika, ndipo unafunga uzi wako hapo. Uzi ulimaanisha: hapa nimefanya kazi, nimevuta, ukitokea ubaya nitajibu mimi. Mwanafunzi hakuwa na uzi. Alifanya kazi chini ya uzi wa mkubwa wake.

Basi Alhamisi hiyo, Tochi hajamaliza kufagia, gari dogo jeupe la nesi liliingia. Nesi huyo alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo kwenye zahanati za mbali, boksi la barafu likiwa kwenye kiti cha nyuma, limefungwa mkanda kama abiria.

"Dada fundi!" aliita kabla hajazima gari. "Njoo uone maajabu. Mita zangu zimekufa zikafufuka mara nne njiani."

"Shikamoo," Tochi alimsalimia.

"Marahaba, mwanangu. Sikilizeni. Natembea vizuri, mara mishale yote, puu! inalala chini kwa pamoja. Mwendo sifuri, mafuta sifuri, joto sifuri. Taa zote zinawaka, ya breki, ya injini, ya mkanda, kama sherehe. Halafu zinazimika, mishale inainuka, kama hakuna kilichotokea. Na gari halizimi! Linaendelea tu."

"Ilianza lini?" Shangazi aliuliza akifuta mikono.

"Wiki hii. Na Jumatatu nina watoto arobaini wananisubiri kule milimani. Nikiwa sioni joto la injini, nitajuaje kama inachemka? Ikinifia mlimani, barafu itayeyuka na chanjo zitaharibika."

Shangazi alichukua mashine ya kusoma makosa, ndogo kama simu, akaichomeka kwenye tundu lililo chini ya usukani. Tochi alishika tochi. Babu Fyuzi alisogeza ndoo yake karibu.

"Inasema nini?" aliuliza mzee, akikunja macho.

"Inasema kompyuta ya injini imemwita mwenzake wa mita, hakuitika. Ya breki nayo imemwita, hakuitika."

Shangazi alimgeukia Tochi, maana alikuwa na tabia ya kufundisha hata akiwa amechoka. "Gari la siku hizi lina kompyuta kadhaa, unaona? Ya injini inajua joto. Ya breki inajua mwendo. Boksi la mita, hili lenye mishale, lenyewe halijui kitu, linaambiwa. Zote zinaongea kwa nyaya hizi mbili, zimesokotwa pamoja kama nywele. Sasa boksi la mita limekuwa kama jirani anayesinzia katikati ya mazungumzo. Tutafute sababu. Ama nyaya za maongezi zimekatika, ama boksi bovu, ama boksi halipati umeme wake vizuri."

Alitoa waya wa betri, akagusisha testa kwenye nyaya mbili zile. "Sitini," alisoma. "Nyaya za maongezi ni nzima. Ingekuwa upande mmoja umekatika, ningeona mia na ishirini." Akarudisha betri, akapima umeme unaoingia kwenye boksi. Ulikuwa sawa. "Bado waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi la gari. Tochi, mulika huku chini, karibu na mguu wa kushoto."

Tochi alimulika. Pale, nyuma ya zulia, boliti ilionekana imeshika waya mweusi, na kwenye waya huo uzi wa kijani umefungwa vizuri, mafundo mawili.

"Ah, hii Babu aliifanya wiki mbili zilizopita, maji ya mvua yalipoingia," alisema Shangazi. Akalirudisha zulia. "Basi limebaki boksi lenyewe."

Mkono wa Tochi haukutikisika. Lakini alijua.

Wiki mbili nyuma, gari hilo hilo lilipoletwa na zulia limelowa, Shangazi aliona boliti ile imeota kutu akamwachia Babu Fyuzi aisafishe. Babu alijaribu kupiga magoti, yakakataa. "Mjukuu wangu," alisema, "wewe una magoti ya dukani. Ingia, isugue kwa msasa mpaka bati ling'ae, halafu kaza kwa spana ya kumi." Tochi aliingia chini ya dashibodi na msasa mkononi. Akalala chali pale gizani. Harufu ya zulia bichi, sauti ya Babu ikitoka mbali. Alitazama nyaya zilizoning'inia juu ya uso wake, na mikono haikuinuka. Hakuwa mvivu, wala hakuwa na hasira. Hakuona tu sababu ya kuisogeza. Alikaa hivyo muda, labda dakika tano, labda kumi. Kisha akarudisha waya juu ya kutu vilevile, akakaza nati kwa vidole.

"Umesugua?" Babu aliuliza.

"Nimesugua."

"Umekaza?"

"Nimekaza."

Ilikuwa rahisi kusema hivyo kuliko kueleza. Babu Fyuzi akapitisha mkono kwa taabu, akafunga uzi wake wa kijani.

Sasa Tochi alisimama na tochi yake na kufikiri: niseme. Wazo lilikuja na kusimama mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. Hakulifukuza, hakulikaribisha. Jioni ikafika.

Siku ya pili, shuleni, mwenzake wa dawati alimwona anatazama ubao uliofutwa. Msichana huyo aliitwa Redio na darasa zima, na ukikaa naye dakika mbili unajua kwa nini.

"Wewe, kengele imelia. Unasoma nini hapo, vumbi?"

"Redio," Tochi alisema, "mtu akikosea kitu, halafu mwingine akaonekana ndiye aliyekosea, na yule wa kwanza hajisikii vibaya. Ni mtu mbaya?"

Redio aliliweka begi chini. "Hajisikii vibaya kabisa? Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Kwani lazima ajisikie vibaya ndipo aseme? Mimi meno hayaniumi kila asubuhi, na bado napiga mswaki." Kisha akainua begi lake. "Ni nani huyo? Ni wewe? Umevunja kikombe cha shangazi yako? Niambie, sitamwambia mtu. Haya, nitamwambia mmoja tu."

Walitembea pamoja mpaka njia panda, Redio akiongea kuhusu viatu vya dada yake.

Mchana huo Shangazi alikuwa amepata boksi jingine la mita. Nyuma ya gereji kulikuwa na gari bovu la aina ileile, lililokuwa limelala hapo miaka, akalifungua boksi lake na kulifunga kwenye gari la nesi ili afanye majaribio. Nesi alipokuja kuwasha, akapiga kelele.

"Dada fundi! Gari langu limezeeka! Jana lilikuwa limetembea kilomita elfu themanini, leo laki mbili!"

"Hizo ni kilomita za marehemu aliye nyuma ya gereji," Shangazi alisema. "Boksi hili ni la kupimia tu, halibaki kwako. Zunguka nalo kidogo. Likienda vizuri, tutajua la kwako ndilo bovu, tutafute fundi wa kulifungua."

Nesi alitoka. Walisikia gari likifika kwenye tuta la barabarani, kisha likageuka. Aliporudi hakuwa na utani.

"Imelala tena. Nimegonga tuta tu, mishale yote chini."

Shangazi aliweka mikono kiunoni. "Maboksi mawili hayawezi kuugua ugonjwa mmoja," alisema polepole. Babu Fyuzi, juu ya ndoo yake, alimtazama Tochi. Alimtazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Halafu akageuza macho kwenye mikono yake mwenyewe.

"Liache hapa, nesi," Shangazi alisema. "Kesho asubuhi naanza upya, waya kwa waya. Bila kumwamini mtu yeyote, hata mimi mwenyewe."

Jumamosi asubuhi hakukuwa na shule. Shangazi alirudisha boksi la nesi mahali pake, akawasha taa zote za gari ili umeme utumike kwa wingi. Ncha moja ya testa aliigusisha kwenye betri, upande wa hasi, nyingine kwenye waya mweusi wa boksi la mita.

"Hapa natarajia karibu sifuri," alisema. "Waya wa ethi ukiwa mzima, umeme unarudi bila kikwazo. Ni sifuri nukta moja. Sawa. Tochi, piga teke sakafu ya gari."

Tochi alipiga teke.

Namba ikaruka. Mbili. Tatu na nusu. Mishale yote ikaanguka, taa zikawaka nyekundu na njano. Kisha vyote vikarudi.

"Ethi," alisema Shangazi. Akavuta zulia, akashika waya mweusi wenye uzi wa kijani, akauvuta. Waya ulicheza. Aliigusa nati kwa kidole kimoja, ikazunguka. Akaifungua kabisa, na chini yake kulikuwa na kutu, nene na ya rangi ya matofali, haijaguswa hata na ukucha.

Shangazi alitoka chini ya dashibodi akasimama. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililofanya gereji ionekane ndogo.

"Babu. Uzi huu ni wa nani?"

"Wangu," alisema Babu Fyuzi.

"Ulisugua?"

Mzee aliutazama uzi.

"Ulikaza?"

"Uzi ni wangu, fundi. Sina la kuongeza."

Shangazi alifumba macho kidogo. "Mama wa watu angebaki mlimani na chanjo za watoto. Nilikuambia, Babu. Nilikuambia mwezi uliopita, na kusema kwangu kuliniuma."

"Ulisema. Una haki."

Babu Fyuzi akainuka kwenye ndoo, goti moja kwanza, halafu la pili. Akatandika kitambaa chake cha zamani juu ya meza, akaanza kupanga spana zake. Hakuzitazama. Alipitisha kidole gumba kwenye kila moja kusoma namba yake, ya nane, ya tisa, ya kumi na moja, akizilaza kwa utaratibu. Kisha kidole kikasita.

"Mjukuu wangu," alisema, bila ukali wowote, "ya kumi unayo wewe. Nipatie."

Kweli ilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli yake. Tochi aliitoa. Ilikuwa baridi na nzito. Alisubiri kusikia kitu ndani yake: aibu, huruma, woga, chochote cha kumsukuma. Hakikuja. Kulikuwa na ukimya uleule mweupe alioamka nao kila asubuhi. Na mzee alikuwa ameshakunja upande mmoja wa kitambaa.

Basi akasema bila kusukumwa na kitu.

"Siku ile sikuitumia hii."

"Unasemaje?" aliuliza Shangazi.

"Spana ya kumi. Sikuitumia. Wala msasa sikuutumia. Babu aliniambia nisugue na nikaze, nikalala tu mle ndani. Nikakaza kwa vidole. Aliponiuliza nikasema tayari. Kosa si lake. Ni langu." Sauti yake ilikuwa bapa, kama ya mtu anayesoma orodha. "Na juzi ulipouona uzi ukapita, nilijua. Nilijua juzi, nikajua jana."

Nje pikipiki ilipita. Shangazi alimtazama mtoto wa kaka yake kana kwamba taa imewashwa chumbani na sasa ndiyo anaona ni vitu gani vimo.

"Babu," alisema hatimaye. "Wewe ulijua?"

"Tangu jana, boksi la pili lilipolala. Nikakumbuka ni nani aliingia mle ndani."

"Na ulikuwa unafunga virago!"

"Ningefanyaje? Nimsukume mtoto mbele yangu?" Mzee alikaa tena, taratibu. "Na mimi nina kosa langu, fundi. Kabla ya kufunga uzi, unavuta waya. Nani alitunga sheria hiyo? Mimi, kabla hujajua kushika bisibisi. Siku ile magoti yaliniwaka. Nikauliza kwa mdomo, nikajibiwa kwa mdomo, nikafunga uzi. Waya sikuuvuta."

Shangazi aliegemea gari. Tochi akadhani ataenda kumwita baba yake kwa simu. Badala yake alisema, "Na mimi niliona uzi nikarudisha zulia. Siku mbili nzima natafuta ugonjwa kwenye kichwa, na ugonjwa uko mguuni." Akavuta pumzi. "Babu, fungua hicho kitambaa. Na unisamehe. Nilikuhukumu kabla sijauliza vizuri."

"Mimi nilishasamehe wakati ule wa honi," alisema Babu Fyuzi. "Tulikuwa tunachelewa tu kuambiana."

"Na wewe, Tochi, usiniangalie hivyo. Chukua msasa. Kazi yako inakusubiri kwa wiki mbili sasa."

Tochi aliingia chini ya dashibodi. Safari hii Shangazi ndiye aliyeshika tochi. Alisugua. Kutu ilidondoka kama unga mwekundu, ikamwingia puani, akapiga chafya. Mkono ulichoka, akabadilisha mkono. Baada ya muda bati lilitokea, kwanza doa dogo kama punje, kisha duara zima linalong'aa. Alirudisha waya, akakaza nati kwa spana mpaka ikakataa. Akauvuta waya. Haukucheza.

"Sogea," alisema Babu Fyuzi. Akashuka chini yeye mwenyewe, kwa kuguna na kulalamikia kila goti kwa jina lake, akanyoosha mkono na kuuvuta waya ule mara tatu. Ndipo akafunga uzi.

Shangazi alipima. Sifuri nukta sifuri mbili. Tochi alipiga teke sakafu, mara moja, mara mbili, mara kumi. Namba haikusogea, na mishale ilikaa mahali pake.

Nesi alipofika saa sita, Shangazi hakumweleza kitu. Alimgusa Tochi begani tu na kusema, "Mwambie wewe."

Tochi alimwambia yote, kuanzia msasa mpaka uzi. Nesi alisikiliza, mikono imekunjwa kifuani.

"Alhamisi nilikuwa kwenye mteremko taa zilipowaka zote," alisema nesi. "Nilidhani breki zimekufa. Nilisali kwa sauti, na mimi si mtu wa kusali kwa sauti."

"Samahani."

"Nimeisikia. Nashukuru umeniambia mwenyewe. Lakini nimekasirika, na nitakasirika mpaka Jumanne, ndipo tutasalimiana vizuri. Sawa?"

"Sawa."

Alitoka, akapita juu ya tuta mara mbili kwa makusudi, akazunguka mtaa mzima. Aliporudi alipitisha mkono dirishani, kidole gumba juu, uso bado umenuna, akaenda zake. Jumatatu angefika kwa watoto wake arobaini.

Mchana, gereji ikiwa tupu, Shangazi na Tochi walinawa mikono kwenye beseni moja kwa sabuni ya unga. Maji yaligeuka meusi. Shangazi alisugua vidole vyake kimoja kimoja kabla ya kusema.

"Siku ile mle chini, ungesema 'bado', nani angekupiga?"

"Hakuna."

"Babu angesema, haya toka, nitaita fundi. Basi. Ukisema 'bado', kazi inasubiri tu. Ukisema 'tayari' na si tayari, watu wanapanda gari, wanapakia watoto, wanaenda mlimani wakiwa wamekalia neno lako. Na likianguka, linamwangukia aliyekuamini, wewe umesimama pembeni mzima. Umemwona mzee akikunja kitambaa?"

"Nimemwona."

"Basi usisahau vidole vyake. Sikukatazi kuchoka. Sikukatazi kulala chali ukatazama nyaya. Ninachokukataza ni kuniambia kimeshika wakati hakijashika. Kuhusu nati, kuhusu daftari za shule, kuhusu chochote." Alimpa kitambaa cha kujifutia. "Na leo umesema. Hakuna aliyekulazimisha. Ukweli hauhitaji usubiri mpaka moyo uchangamke. Unausema hivyohivyo, na unafanya kazi."

Tochi alijifuta. Kutu ilikuwa imebaki kwenye mikunjo ya vidole.

"Sasa nikuulize jingine," Shangazi alisema, kwa sauti iliyoshuka. "Tangu mama yako aondoke, kila nikikuuliza unajisikiaje, unaniambia vizuri. Nami nimekuwa nikifunga uzi bila kuvuta waya. Leo unajisikiaje?"

Tochi alitafuta ndani yake, kwa bidii, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda gizani.

"Sijisikii kitu, Shangazi," alisema. "Tangu siku ile. Hata leo."

Shangazi hakushtuka wala hakumkumbatia. Alimwaga maji ya beseni, akajaza mengine safi, akamshika mikono na kuirudisha majini.

"Haya," alisema. "Hilo ndilo jibu. Kesho nitauliza tena."